Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kijana Mwenye Usonji Anayeibua Siri za Ukoo

Mkubwa wa huku kwetu kusini akiulizwa jambo asilotaka kulijibu, hukohoa, humsalimu mpita njia au hutoa fumbo, na muulizaji aliyelelewa vizuri huelewa kwamba mlango umefungwa, akarudi kwenye mazungumzo ya mvua na bei ya korosho. Hivyo ndivyo siri za ukoo zinavyodumu, tangu Kilwa hadi Mikindani na kupanda hadi Newala: adabu ya wanaouliza huzilinda kuliko ujanja wa wanaoficha. Sasa mweke barazani kijana mwenye usonji, ambaye hupokea maneno kama yalivyotamkwa, ambaye kikohozi cha babu kwake ni kikohozi tu, na ambaye swali lisilojibiwa leo hubaki kuwa swali kesho na mtondo. Riwaya unayotaka kuiandika imo katika mgongano huo. Makosa mengi ya waandishi wa hadithi za namna hii, yangu yakiwemo, hutokana na kuusahau mgongano huo na kukimbilia kumpa kijana akili za miujiza.

Nitaeleza kwa kutumia mswada ninaouandika mwenyewe hapa Mtwara, kwa kuwa ndio ninaozijua kasoro zake. Mhusika mkuu ni Somoe, msichana wa miaka 15, anayeishi na mama yake, bibi yake na babu yake, Mzee Chande, katika kijiji cha kubuni wilayani Tandahimba. Siri yenyewe inahusu mikorosho ya bondeni, kama 40 hivi, ambayo Mzee Chande huvuna kila msimu na ambayo hakuipanda yeye. Mwenye haki nayo ni Bi Awetu, jirani maskini ambaye kila mwaka huja kuomba kibarua cha kuokota korosho chini ya miti hiyohiyo.

Usijifunze usonji kutoka kwenye sinema

Neno usonji limekwisha kuzoeleka nchini, na kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya kuelimisha kuhusu hali hiyo, huzungumzwa hata redioni. Hata hivyo kulisikia neno si kuujua usonji. Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, tofauti inayoanza mapema sana katika maisha ya mtoto, na vinasaba vina sehemu kubwa ndani yake. Daktari Grunya Sukhareva aliwaeleza watoto wa namna hii huko Moscow mwaka 1925, Leo Kanner akaandika makala yake maarufu nchini Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akaandika ya kwake huko Vienna mwaka 1944. Majina mbalimbali yaliyotokana na kazi hizo yaliunganishwa mwaka 2013, katika mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, chini ya jina moja la wigo wa usonji, kwa sababu watu wenye hali hii hawafanani: mmoja hasemi kabisa, mwingine hurudia maneno aliyoyasikia jana, mwingine husema kwa ufasaha hadi wageni wasiamini kwamba ana tatizo lolote. Wasichana wengi huangukia kundi hili la mwisho, kwa kuwa hujifunza kuwaiga wenzao, na ndiyo maana wengi wao hutambuliwa wakiwa wamechelewa au hawatambuliwi kamwe. Nilipoamua mhusika wangu awe msichana, jambo hilo lilikuwa mojawapo ya sababu. Hakuna mtu kijijini anayelijua jina la hali ya Somoe, na kwa sura 9 za mwanzo neno usonji halitajwi.

Historia ya lawama pia ni mali ya mwandishi. Katikati ya karne iliyopita baadhi ya madaktari waliwalaumu akina mama, wakidai kwamba upungufu wa mapenzi yao ndio uliowafanya watoto wawe hivyo, na dai hilo limekwisha kutupwa. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha usonji na chanjo ya surua ilifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililoichapisha. Lakini watu hawaachi kulaumu kwa sababu jarida limefuta makala. Nyumbani kwa Somoe, mama analaumiwa kwamba alivunja mwiko alipokuwa mjamzito, wengine wanasema mahoka, yaani mizimu ya wahenga, hawakutambikiwa, na bibi, ambaye peke yake anaijua siri ya mikorosho, anaamini moyoni kwamba mjukuu wake ametokea hivi kwa sababu ya dhuluma ile.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote katika kazi hii. Imani ya bibi inaipa riwaya nguvu, kwa sababu inamfanya mtoto awe mpelelezi na wakati huohuo ushahidi wa kosa, lakini riwaya yenyewe isiithibitishe imani hiyo. Ukimaliza kitabu chako na msomaji akabaki akidhani kwamba usonji ni adhabu ya dhambi za wazee, utakuwa umewaongezea mzigo wazazi ambao tayari wameelemewa. Mimi nimeikanusha kwa kitu kidogo. Mzee Chande, kila jioni, hupanga korosho zake juu ya mkeka kwa ukubwa, kubwa upande wa ukuta na ndogo upande wa mlango, na mtu akizivuruga hushindwa kula. Alikuwa akifanya hivyo tangu utoto wake, kabla ya dhuluma yoyote. Sisemi popote kwamba babu naye ana usonji. Msomaji makini ataunganisha mwenyewe.

Kiti kilichosogezwa

Mswada wa kwanza nilimpa mama mmoja wa hapa mjini, ambaye mwanawe wa kiume ana usonji, ili aniambie ukweli. Katika mswada ule Somoe alikuwa anakariri tarehe zote, anazidisha tarakimu sita kichwani na kuisoma daftari ya babu yake mara moja tu kisha kuirudia neno kwa neno. Yule mama alinirudishia karatasi zangu baada ya siku nne na kuniambia kwa upole: "Mwanangu hajawahi kunihesabia chochote. Ila akiingia chumbani anajua kwamba kiti kimesogezwa."

Niliufuta mswada ule wote. Watu wachache wenye usonji wana vipaji vya ajabu vya hesabu au kumbukumbu, lakini wengi hawana, na mhusika anayetatua kila fumbo kwa kipaji humwondolea msomaji raha ya kutafuta pamoja naye. Kiti kilichosogezwa kina thamani zaidi kwa hadithi ya siri. Ukoo unaoficha jambo husogeza vitu kila siku: picha inatolewa ukutani mgeni fulani anapokuja, sanduku linahamishwa kutoka uvunguni, jina la marehemu linarukwa katika dua. Wanaofuata adabu huona na kujifanya hawakuona, hadi siku moja wanasahau kwamba waliona. Somoe hajifanyi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sura ya kwanza, tenga ukurasa wa daftari na uandike mwili wa mhusika wako. Ni sauti gani inayomuumiza, na ni sauti gani, inayowaumiza wengine, ambayo yeye huipenda? Chakula gani hakigusi, na ni ladha inayomkera au ni mguso wake ulimini? Anapozidiwa hulia, hukimbia, hujikunja au hunyamaza kabisa? Mwili wake hutulizwa na nini? Majibu yatoke mahali anapoishi. Somoe hapendi mlio wa pikipiki inayowashwa ghafla, lakini mvua kubwa ya Januari juu ya bati, ambayo huwafanya wengine wapige kelele ili wasikizane, yeye humpa usingizi, kwa sababu ni mlio mmoja usiobadilika. Ugali wa muhogo hula, ming'oko, vile viazi vya porini, hali, kwa ajili ya nyuzinyuzi zake. Na kitu asichoweza kukivumilia kabisa ni moshi wa korosho zinazokaangwa ili zibanguliwe, moshi wa mafuta yale ya ganda ambayo yakikudondokea huchoma ngozi.

Angalia jinsi ukurasa huo unavyozaa kisa. Wanawake wa nyumbani wanapobangua korosho uani, Somoe hawezi kukaa pale, hivyo hukimbilia bondeni. Huko, kwa kuwa mwili wake hutulizwa na kitu kinachoubana, hukumbatia mashina ya mikorosho, mmoja baada ya mwingine, kwa saa nzima. Kwenye miti ya karibu na nyumba, ile ambayo babu husema aliipanda mwaka aliozaliwa mama, mikono ya Somoe hukutana upande wa pili. Kwenye miti ya bondeni mikono haikutani. Babu husema aliipanda yote msimu mmoja.

Kidokezo hicho hakikutoka kwenye hesabu. Kimetoka kwenye hitaji la mwili wake, na ndiyo maana nakiamini. Hata hivyo nisikidanganye kitabu: unene wa shina hutegemea pia udongo na matunzo, na afisa kilimo yeyote angemwambia Somoe hivyo, kwa hiyo kidokezo cha kwanza kianzishe swali tu, kisitoe hukumu. Cha pili kinakuja anapotambua kwamba miti ya karibu na nyumba imepandwa kwa mistari, hatua zilezile kutoka shina hadi shina, kama wataalamu walivyokuja kufundisha baadaye, ilhali ile ya bondeni imetawanyika ovyo kama ilivyokuwa ikipandwa zamani katikati ya mihogo.

Siri iwe ya hapa, na miaka yake ilingane

Usichague siri ambayo ingeweza kutokea popote. Mtoto wa nje ya ndoa ni siri ya dunia nzima. Kusini kumejaa siri zenye historia, na mwandishi ana kazi ya kuchagua moja tu na kuacha nyingine. Wapo waliovuka Ruvuma kwa mtumbwi wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, wakapokewa na ndugu wa lugha moja upande huu, na baadhi yao hawakupenda tena kutaja walikotoka. Wapo waliopewa jina jipya jandoni, hivyo jina la utotoni limebaki katika karatasi moja na jina la ukubwani katika nyingine, na mjukuu asiyejua hudhani ni watu wawili. Wapo baba waliouza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa mtindo wa kangomba, na familia ikala njaa bila kujua sababu. Na ipo mikorosho iliyoachwa wakati wa operesheni vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mashamba yao.

Nilichagua hii ya mwisho, nikaichanganya kidogo na ya kwanza. Mavuno ya korosho ya Tanzania yalizidi tani 140,000 katika msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na pamoja na bei mbaya na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kuhamishwa kwa watu kulichangia sana. Nyuma ya takwimu hiyo kuna maelfu ya miti iliyobaki bila mtu wa kuipalilia, na watu waliorudi kwa nyakati tofauti. Katika riwaya yangu Mzee Chande alivuka mto mwaka 1966 akiwa na miaka 18, akapokewa na mjomba wa Bi Awetu na kupewa mahali pa kulima. Mwenyeji akahamishwa, akafia huko alikohamishiwa, na Chande akarudi wa kwanza. Aliirudishia miti uhai kwa jembe na salfa, dawa ya ubwiriunga. Je, ni mwizi? Siri nzuri ni ile ambayo mfichaji, akipewa nafasi, anaweza kujitetea kwa ukurasa mzima na msomaji akasita.

Umuhimu wa mjomba hapo si wa bahati. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, na mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba wake. Mti wa kudumu kama mkorosho uliutikisa utaratibu huo, kwa sababu baba aliyeotesha miti kwa jasho la wanawe alitaka wanawe ndio wairithi. Usipoieleza mila hii mapema, kwa njia ya kisa, msomaji wa Mwanza au Mombasa hataelewa kwa nini mpwa ana haki kuliko mtoto, na siri yako itamfikia ikiwa imepoa.

Kisha chora mstari wa miaka ukutani na usiuamini ubongo wako. Mzee wa riwaya hawezi kupanda treni ya Mtwara kwenda Nachingwea mwaka 1970, kwa kuwa reli ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilikwisha kung'olewa. Hawezi kupita juu ya Daraja la Mkapa kabla ya mwaka 2003, wala kuvuka Ruvuma kwa gari kupitia Daraja la Umoja kabla ya 2010. Karatasi ya stakabadhi ghalani haiwezi kukutwa sandukuni mwa mtu aliyefariki mwaka 1998, kwa sababu mfumo huo wa kuuza korosho ulianza mwaka 2007. Nimewahi kulifanya kosa hili la mwisho, na aliyelishika ni kijana wa miaka 20 ambaye baba yake ni karani wa chama cha msingi.

Mstari wa miaka hukupa pia tukio la kuchokoza siri. Mwezi Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwapa wanajeshi kazi ya kuisomba, na kabla ya kulipwa baadhi ya wakulima walihakikiwa ili ijulikane kwamba kweli wana mashamba na si wanunuzi wa kangomba. Kwa riwaya ya siri za mashamba, sikuona zawadi kubwa kuliko hiyo. Mtu aliyekaa kimya miaka 40 analazimika, ili apate fedha zake, kusimama mbele ya wageni na kusema kwa sauti shamba hili ni la nani.

Tukio moja kwa karibu

Hivi ndivyo tukio hilo lilivyo katika mswada wa sasa. Wahakiki wamefika, wamekalishwa chini ya mwembe, na mmoja wao ana daftari magotini.

"Shikamoo, mzee. Shamba lote hili, mpaka kule bondeni, ni lako?"

"Marahaba. Langu. Kila mti nimeupanda kwa mikono yangu hii."

"Babu, ile ya bondeni mikono yangu haikutani," alisema Somoe.

Mzee Chande alikohoa. "Mjukuu wangu, nenda jikoni kamtazamie bibi yako kama maji yamechemka."

Somoe alikwenda. Baada ya muda mfupi alirudi na kusimama palepale. "Babu, hakuna maji motoni. Na bibi hayuko jikoni, yuko nyuma ya mlango, anatusikiliza."

Mwenye daftari aliendelea kuandika, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu cha kuandika.

Mbinu ya tukio hili ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Somoe hasemi neno lolote la kushtaki. Anajibu tu kila kauli kwa jinsi ilivyotamkwa, na kwa kufanya hivyo anafungua adabu tatu kwa mpigo: kikohozi, agizo la uongo na mtu aliyejificha. Nilipoliandika mara ya kwanza nilikuwa nimeongeza sentensi mbili za kueleza kwamba Somoe haelewi vidokezo vya watu wazima. Nilizifuta, na wewe ukiandika za kwako zifute pia. Ukimweleza mhusika wako kana kwamba uko hospitali, msomaji ataacha kuwa naye barazani.

Mafumbo ya kanga yanakupa mbinu hiyohiyo kwa sauti ya chini. Bi Awetu huja kibaruani na kanga moja iliyopauka, yenye maneno *Dau la mnyonge haliendi joshi*. Kila mtu mzima kijijini ameyasoma na kuyameza. Somoe, ambaye hajawahi kuiona bahari ingawa iko mwendo wa saa chache, anamuuliza: "Bi Awetu, dau lako liko wapi?" Yule mama anacheka kwanza. Halafu anakaa chini, anaweka debe lake, na kwa mara ya kwanza katika kitabu mtu anaanza kujibu swali. Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa naandika: mtu aliyedhulumiwa huenda amechoka kusemewa kwa mafumbo, na kijana asiyeyaelewa ndiye wa kwanza kumpa nafasi ya kusema wazi.

Lugha

Nafsi ya kwanza au ya tatu? Nafsi ya kwanza inavutia, kwa kuwa sauti ya kijana mwenyewe huburudisha, lakini inakudai nidhamu: asijieleze kama daktari, na asiwe na ucheshi ambao ni wako. Mimi nimetumia nafsi ya tatu iliyo karibu naye kiasi kwamba hakuna kinachoonekana asichokiona yeye. Sentensi zake hazitumii "labda" wala "kana kwamba". Tashibihi nimeziacha kwa wahusika wengine, na anapozisikia huzichunguza kama sarafu ya kigeni.

Maneno kama taahira na zezeta yapo vijijini na mjini, na riwaya ikiyakwepa kabisa itanuka sabuni. Yaweke midomoni mwa wanaoyasema, yasiingie kamwe katika sauti ya msimulizi. Na lafudhi ya Kimakonde, ile ya "ntoto" na "nchele" ambayo wachekeshaji wameitumia hadi imechakaa, itumie kwa mzee mmoja na kwa nadra, mahali ambapo hisia zimemzidi na Kiswahili cha shule kimemponyoka. Mzee Chande anaitumia mara moja tu katika kitabu kizima.

Kuhusu jando na unyago nina ushauri mfupi. Kijana wa umri huo katika mazingira haya atakuwa amepita huko au watu wazima watakuwa wanabishana kama apite, na ngoma za usiku, miguso ya watu wengi na kutengwa kwa siku nyingi kunaweza kumuumiza mtu mwenye usonji kuliko wenzake, hivyo suala hilo halikwepeki. Andika mabishano ya mama na bibi. Andika nyakanga, yaani kungwi mkuu, anavyokuja kuongea na wazazi. Yanayofundishwa ndani usiyaandike. Si yako kuyatoa hadharani, na tena kuna faida: Somoe, akiambiwa na wakubwa kwamba jambo fulani halisemwi nje, halisemi kabisa. Msichana anayeibua siri ya shamba ndiye anayetunza siri ya unyago kuliko mwali mwingine yeyote, kwa kuwa ile ya pili aliambiwa waziwazi ni siri, na ile ya kwanza hakuna aliyewahi kumwambia.

Kumalizia mswada

Siri ikishajulikana, kuna mambo mawili yanayowashawishi waandishi. Moja ni kumponya kijana: anakumbatia watu, anacheka na wenzake, anapenda kelele za harusi. Usonji hauponi kwa sababu ukweli umesemwa, na hakuna sababu ya msomaji kuutakia upone. Jingine ni kumaliza kwa machozi ya wote bila shamba kugawanywa. Msomaji amekufuata kurasa 200 kwa ajili ya mikorosho, hivyo mwambie nani atavuna msimu ujao. Katika mswada wangu wanakaa wazee na mjumbe wa nyumba kumi, miti inabaki kwa Bi Awetu, na Mzee Chande anaomba aendelee kuipulizia salfa kwa malipo. Kijiji hakikubaliani kama hiyo ni haki, na sikuwalazimisha wakubaliane.

Kisha chapisha nakala kwenye karatasi, na uwape watu wa aina mbili: mtu anayeishi na usonji au anayemlea mwenye usonji, na mzee anayeijua korosho. Wape kalamu nyekundu na wiki mbili. Wasikuambie kama kitabu ni kizuri, wakuonyeshe pasipo kweli.

Yule mama wa kiti kilichosogezwa aliusoma mswada wa pili pia. Karibu na mwisho kuna mahali ambapo babu na mjukuu wameketi mkekani peke yao, korosho zikiwa zimepangwa, na nilikuwa nimeandika kwamba Somoe aliinua uso na kumtazama babu yake machoni kwa muda mrefu. Alikuwa ameikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja, na pembeni ameandika: "Amtazame mikono."